Rupia ya Mjerumani, mnada wa mtandaoni na sisi watu wa Lushoto

Mwaka 1916 Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi hii walijikuta hawana pesa ya kulipia vita. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba bahari, sarafu kutoka Berlin na Hamburg hazifiki, na noti za dharura zilizokuwa zikichapishwa humu nchini hazikumridhisha kila mtu. Ndipo karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha pesa. Dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke, kule Iramba, zikagongwa sarafu za rupia 15: upande mmoja tai wa dola ya Ujerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, na milima nyuma yake. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora na shughuli ikaishia hapo. Kumbukumbu zinasema zilitoka sarafu 16,198, na tangu siku hiyo haijaongezeka hata moja.

Lakini ukipekua minada ya mtandaoni utadhani tembo wale wanaendelea kuzaa. Wapo wa rangi ya shaba, wapo waliopakwa dhahabu juujuu, wapo wenye mkonga mnene na jicho la kushangaa. Wengine wanauzwa waziwazi kama nakala za ukumbusho, na hao sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wale wanaonadiwa kama halisi, dau likianzia chini kidogo ya bei ya kweli, pamoja na maelezo kwamba babu wa muuzaji alitumikia jeshi la Afrika Mashariki na sanduku lake limefunguliwa juzi tu.

Naandika haya nikiwa Lushoto, na sababu ninayo. Mji huu Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaizari wao Wilhelm wa Pili, huyohuyo mwenye kofia ya vita yenye tai juu ambaye kichwa chake kiko kwenye rupia ya fedha. Na kule kwao jina la Usambara linajulikana hata kwa bibi asiyeweza kuionyesha Tanzania kwenye ramani, kwa sababu ya ua dogo la zambarau ambalo ofisa wao, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma Ujerumani miaka ya 1890. Mpaka leo wanalitunza madirishani na kuliita kwa jina la milima yetu. Kwa hiyo muuzaji anayeandika chini ya picha kwamba sarafu yake imetoka Usambara anajua anachokifanya. Jina letu linauza. Sisi wenye jina hatuna habari, na tukiwa na habari, tunacheka.

Mimi sicheki. Sarafu bandia inauzika kwa sababu sarafu halisi haijulikani, na kutojulikana huko kumeanzia hukuhuku kwetu, kwenye nyumba ambamo rupia hizo zililipwa, zikafichwa na kusahaulika. Tapeli wa mnadani amekuta nafasi wazi, akaketi.

Tuanze na namna zilivyofika. Rupia haikupanda milima hii kama zawadi. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilianzisha kodi ya nyumba, na kiwango ambacho watu wengi walikizoea kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Msambaa mwenye mahindi, migomba na mbuzi hakuwa na rupia. Ilibidi azitafute kwa mzungu mwenye shamba. Waliposita kwenda, mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ikaja na kadi za kazi: kila mwanamume alitakiwa afanye kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa mwajiri wa Kizungu, na kadi ndiyo ilikuwa shahidi wake. Reli iliyoanzia Tanga ilikuwa imeshafika Mombo mwaka 1905, mizigo ya mashamba ikashuka, na vifuko vya sarafu vikapanda. Heller 100 zilifanya rupia moja, na rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20 za Ujerumani. Mtu alilipwa kwa mkono wa kulia, akalipa kodi kwa mkono wa kushoto, na zilizobaki kati ya mikono hiyo miwili ndizo ambazo wajukuu wanaziokota leo wanapobomoa nyumba ya udongo au kuchimba msingi wa choo.

Hazikubaki nyingi. Rupia ilikuwa fedha safi kwa zaidi ya asilimia 91, na sonara wa Tanga au Pangani hakujali kichwa cha Kaizari. Aliitia motoni ikatoka bangili. Heller zilizotobolewa katikati zilitungwa uzi zikavaliwa shingoni. Baada ya vita Waingereza wakaleta florini mwaka 1920, kisha shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, na zile za zamani zikakosa kazi dukani. Zikaingia kwenye kopo la dawa, kwenye shimo la ukuta, kwenye sanduku la bibi. Na huko kwenye sanduku la bibi ndiko zilikoanza kupata miujiza.

Kila Mtanzania amesikia habari za mali ya Mjerumani. Kwamba walipokimbia walifukia dhahabu chini ya mti fulani, kwamba ramani iko kwa mzee fulani, kwamba rupia za aina fulani zina nguvu, zinavuta hiki na kile, na yuko tajiri mmoja, kila mara wa nchi ya mbali, anayezitafuta kwa mamilioni. Katika sehemu mbalimbali za nchi watu wamefukua makaburi na kuchimba kuta za maboma kwa imani hiyo. Wenye akili zao timamu, na wengine wenye shahada. Nchini Saudi Arabia mwaka 2009 watu waligombania cherehani kuukuu za Singer kwa maelfu ya riyali, wakiambiwa ndani yake mna zebaki nyekundu, kitu ambacho hakipo duniani. Kwa hiyo tusijione kwamba ni sisi tu. Ila imani hiyo ina matokeo mawili hapa kwetu. Kwanza, mwenye rupia halisi anaamini ana milioni mia, anakataa bei ya haki, anazunguka na dalali mwaka mzima. Pili, mwenye rupia ya bandia anakuta soko limeshaandaliwa, kwa sababu mtu anayeamini kuwa sarafu ina jini hataomba kuipima uzito.

Na kupima uzito ndiyo kazi yote, au karibu yote.

Kuna kijana alinionyesha rupia yake hapa mjini, karibu na stendi, akiwa ameifunga kwenye kipande cha kanga ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa ameipiga picha tayari kuiweka kwenye kundi la wauzaji mtandaoni. Ilikuwa nzuri kuitazama: Kaizari na kofia yake upande mmoja, majani yaliyozunguka maandishi upande wa pili, na weusi kwenye mikunjo kama inavyotarajiwa kwa fedha ya zamani. Chini iliandikwa 1916. Tuliipeleka kwa sonara. Mzee yule hakuitazama hata sura. Aliiweka kwenye mizani ndogo ya dijitali, ikasoma gramu 9.3. Akatoa sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio mbovu, akaisogeza, na Kaizari akaruka akanata kwenye sumaku. "Chuma hicho," akasema, akaturudishia. Kijana alinyamaza, kisha akauliza swali lililonikaa kichwani kuliko yote: "Sasa aliyeniuzia, naye aliuziwa na nani?"

Hapo palihitaji maelezo, na nitayatoa kwa msomaji pia. Rupia ya Kijerumani ilifuata rupia ya India, ambayo ilikuwa imeshazoeleka pwani nzima kabla Wajerumani hawajafika, na uzito wake ulikuwa gramu 11.66, yaani tola moja kamili. Masonara wetu wanaijua tola bila kuuliza mtu. Iliyochakaa sana hupungua kidogo, lakini haipungui gramu mbili. Fedha haivutwi na sumaku. Tena, ile ya kijana ilijishtaki yenyewe hata kabla ya mizani: rupia za fedha za kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zile zenye simba na mnazi, zilianza 1890 zikakoma 1902, zile za serikali ya koloni zilianza 1904 zikakoma 1914. Rupia ya fedha ya mwaka 1916 haikutengenezwa Berlin, wala Hamburg, wala Tabora. Zilizotoka Tabora mwaka ule ni heller 5 na heller 20 za shaba, pamoja na wale tembo wa dhahabu. Aliyeghushi alisikia habari za 1916, akaichukua tarehe hiyo na kuibandika mahali pasipo pake.

Si wote wazembe hivyo. Ufundi wa kughushi sarafu za kale una historia ndefu, na bingwa wake alikuwa Mjerumani, Carl Wilhelm Becker, aliyefariki mwaka 1830. Becker alichonga kwa mkono wake mihuri ya sarafu za Kiyunani na Kirumi, akazigonga kwa madini ya kweli, dhahabu kwa dhahabu na fedha kwa fedha. Kilichomsumbua ni upya wake. Basi alizitia ndani ya kisanduku chenye vumbi la chuma lililopakwa mafuta, akakifunga chini ya gari lake la farasi, akaenda zake safari. Mitikisiko ya barabara ikazikwaruza mpaka zikafanana na zilizotumika miaka elfu. Alisema anawapeleka wazee wake matembezini. Leo hakuna haja ya farasi. Kuna kompyuta inayosoma sura ya sarafu halisi na mashine inayochonga muhuri kwa kuifuata, na tangu mwaka 2008 magazeti ya wakusanya sarafu Marekani yameandika juu ya karakana za China zinazotoa maelfu kwa maelfu. Hata yale makasha magumu ya plastiki ambamo makampuni ya uthibitisho kama PCGS na NGC hufungia sarafu iliyokaguliwa, nayo yanaghushiwa, na lebo zake na namba zake. Makampuni hayo yameweka ukurasa wa kuhakiki namba. Bila shaka wanaohakiki ni wachache kuliko wanaopigwa.

Mnada wa mtandaoni umeongezea mambo ambayo Becker hakuwa nayo. Mnada wa zamani ulikuwa na kitu mezani. Unashika, unageuza, unagongesha kwenye jiwe usikie mlio. Wafanyabiashara wa pwani waliozoea riale ya Maria Theresa hawakuhitaji kitabu. Walijua ile yenye mwaka 1780 hugongwa upya kila leo. Vienna waliigonga, London, Roma na Bombay pia, zote kwa tarehe ileile ya mwaka aliofariki malkia. Kwa hiyo hawakuitazama tarehe. Walihesabu vitone vya lulu kwenye pambo la malkia, wakapima, wakasikiliza. Sisi tumebakiza picha tu. Tena picha yenyewe huenda imeibwa kwenye mnada mwingine ambako sarafu halisi iliuzwa miaka mitano iliyopita, na utakachotumiwa kwenye bahasha ni kitu kingine kabisa.

Halafu kuna maneno. Muuzaji hasemi kamwe kuwa sarafu ni halisi. Anasema yeye si mtaalamu, ameikuta nyumbani, anaiuza kama ilivyo, mnunuzi ajiamulie kwa picha, na haipokewi ikirudishwa. Anayesoma kwa tamaa huona hapo mtu mjinga asiyejua alichonacho, na moyo unamwenda mbio akidhani yeye ndiye mjanja. Ndiyo mtego ulipo: tapeli mzuri humwachia mnunuzi kazi ya kujidanganya. Pembeni wako rafiki zake wawili au watatu wenye akaunti tofauti wanaopandisha dau, ili wewe uone kuwa kitu kinagombaniwa. Sisi wa nchi ya "ile hela itume kwenye namba hii" tulipaswa tuwe wa kwanza kulitambua jambo hili, maana ni ujumbe uleule, umebadilishwa mavazi tu.

Sasa nije kwenye hoja ambayo huisikia kila nikilizungumza suala hili kijiweni. Wapo wanaosema: waache wapigwe. Mzungu alichukua ardhi, alitoza kodi, alilazimisha watu kazi, na leo mjukuu wake ananunua kipande cha chuma kwa euro mia tatu. Tatizo liko wapi? Naielewa hasira hiyo, na kuna jioni nyingine hata mimi hutabasamu. Lakini fuata pesa uone zinakokwenda. Euro hizo haziji Lushoto. Zinakwenda kwa mwenye karakana na kwa mwenye akaunti ya mnada, ambaye mara nyingi hajawahi kukanyaga Mombo. Anayeachwa mikono mitupu ni mama wa Mtae au Mlalo aliyeokota rupia halisi shambani, maana mnunuzi aliyeumwa na nyoka mara moja hawezi tena kumwamini. Anaachwa pia kijana kama yule wa stendi, aliyetoa akiba yake kununua chuma kilichopakwa rangi, na kesho huenda akamuuzia mtalii, na keshokutwa akakamatwa yeye, si aliyekileta.

Kumkamata yeye ni rahisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa udanganyifu unaofanywa kwa kutumia kompyuta, na simu ya mkononi kisheria haina tofauti na kompyuta. Lakini upande wa pili, wa kuilinda sarafu halisi, sheria yetu ina shimo ambalo watu hawalijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mpaka: kitu cha kale kinacholindwa moja kwa moja ni kile kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Sarafu ya shaba ya masultani wa Kilwa imo ndani ya ulinzi huo. Pesa ya kampuni ya Kijerumani ya mwaka 1890 haimo, wala tembo wa Tabora hayumo, labda Waziri mwenye dhamana aamue kukitangaza kitu fulani. Mtu anaweza kusema afadhali, watu wauze vyao. Sawa. Ila maana yake ni kwamba sarafu zilizotumika kumlipa babu yetu kwa kazi ya kulazimishwa hazina daftari lolote zinamoandikwa, na zikitoka zimetoka.

Wenzetu wamehangaika kwa njia zao. Marekani ilitunga sheria mwaka 1973 inayotaka kila nakala ya sarafu igongwe neno la Kiingereza lenye maana ya nakala, na mwaka 2012 mnada mkubwa wa eBay ukapiga marufuku nakala zote, ziwe na alama au zisiwe nayo. Kwa maoni yangu marufuku hiyo iliwaondoa waaminifu na kuwaachia uwanja waongo: aliyekuwa akiandika "nakala" aliondoka, aliyekuwa haandiki alibaki. Sitegemei eBay itulinde.

Kinachonivutia zaidi ni walichofanya Waingereza kwao. Tangu mwaka 1997, Uingereza na Wales wana mpango ambao mkulima au mtembeaji yeyote aliyeokota kitu cha kale humpelekea ofisa wa eneo lake, naye hukipima, hukipiga picha, huandika kilipookotwa, kisha kwa vitu vingi humrudishia mwenyewe. Vimeshaandikwa zaidi ya vitu milioni moja, na orodha iko wazi kwa yeyote. Mtu akija mnadani na sarafu na kudai imeokotwa mahali fulani, unamwuliza namba. Hana namba? Maswali yanaanza.

Mahali kitu kilipookotwa ndipo thamani yake ilipo, na ushahidi tunao sisi wenyewe. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu chache ufukweni katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Tano kati yake zilikuwa za shaba, za Kilwa. Sokoni pesa hizo ndogo za masultani wa Kilwa si kitu cha kumtajirisha mtu. Lakini zimewasumbua wanahistoria mpaka leo, wamefunga safari kwenda visiwani, wamejenga nadharia juu ya nani alizifikisha huko, na ubishi hauishi kwa sababu kile kipande hasa cha mchanga zilipolala hakikuandikwa vizuri siku ile. Zingekuwa zimenunuliwa mnadani na kuwekwa kwenye albamu, zisingemsumbua mtu yeyote.

Fikiria basi rupia ya 1905 iliyokutwa kwenye ukuta wa nyumba Bumbuli, pamoja na kadi ya kazi ya babu aliyeipata, na jina la shamba alikoitolea jasho. Bei yake mnadani? Kwa kawaida rupia iliyochakaa ya miaka ya 1904 hadi 1914 huuzwa kwa makumi machache ya dola. Heller moja ya shaba ni dola chache. Hizo ndizo bei, na ningependa zisomwe kwa sauti msikitini, kanisani na kwenye vikao vya vitongoji, maana hakuna kitakachoua utapeli wa rupia haraka kama watu kujua kuwa rupia haina milioni mia. Zipo za bei kubwa, sikatai: ya rupia 2, iliyogongwa mwaka 1893 na 1894 tu, ile isiyo na mkwaruzo kabisa, na tembo wa Tabora, anayefika maelfu ya euro. Hizo ndizo zinazoghushiwa zaidi, na ni adimu kiasi kwamba ukiambiwa iko moja kwa fundi baiskeli na mnunuzi anahitajika leo kabla ya magharibi, jibu unalijua. Tembo halisi ana gramu 7.17 hivi, ni dhahabu robo tatu, na kwa umbo dogo kama lile ni mzito mkononi kuliko unavyotegemea. Wa shaba ya kupaka hawezi kufika uzito huo bila kunenepa.

Katika familia, rupia ile ya Bumbuli pamoja na kadi na jina la shamba ni ushahidi ambao hakuna karakana itakayoweza kuutengeneza. Katika makumbusho ingekuwa na nafasi kubwa kuliko tembo wote. Hapo ndipo mimi naona tumekosea mizani: tumeitazama sarafu kama hazina iliyofichwa na Mjerumani, wakati ni risiti ya mtu wetu.

Kwa hiyo ninaomba jambo dogo, tena lisilohitaji bajeti ya kutisha. Makumbusho ya Taifa na Idara ya Mambo ya Kale, kwa kushirikiana na halmashauri zetu za Lushoto na Bumbuli, wapange siku chache kwa mwaka za kupima na kuandika. Wanahitaji meza, mizani ya sonara, sumaku, simu yenye kamera nzuri na daftari. Mtu alete alichonacho, kipimwe, kiandikwe kilipokutwa na nani alikuwa nacho, aambiwe ukweli wa bei, arudishiwe chake palepale. Arudishiwe, narudia, maana wazee wetu wakisikia serikali inaandikisha vitu hudhani vinachukuliwa, na historia haijawapa sababu ya kudhani vinginevyo. Zile za bandia zigongwe alama na zirudishwe nazo, ili zisiuzwe tena. Shule za sekondari zinaweza kufanya nusu ya kazi hii. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyefundishwa fizikia anajua kupima ujazo wa kitu kwa maji, na rupia ya kweli huondoa maji kiasi cha sentimita moja ya ujazo na kidogo juu. Hilo ni zoezi la dakika kumi darasani.

Na kwa wewe msomaji mwenye kopo la bibi kabatini, usisubiri serikali. Usiisugue sarafu kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno. Mnunuzi wa kweli huipunguzia bei iliyong'arishwa, na weusi ule ni sehemu ya umri wake. Ipeleke kwa sonara unayemjua ikapimwe mbele yako. Soma mwaka. Piga picha pande zote mbili na ukingo. Kisha, kabla hujazungumza na dalali yeyote, kaa na mzee aliyebaki katika ukoo, andika kwenye karatasi ilitoka kwa nani, ilikutwa wapi, alifanya kazi shamba gani, ukaifunge karatasi hiyo pamoja na sarafu. Ukiamua kuiuza, uza na karatasi yake.